Vidonge viwili, miaka minne: barua ya wazi kwa wanaosimamia afya ya watoto wa Kigoma

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa, pamoja na waganga wakuu wa wilaya zetu zote.

YAH: MTOTO ANAYEHARA DAMU MWAKA HADI MWAKA NA KUTIBIWA AMIBA KILA MARA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi kando ya ziwa, kusini ya Ujiji. Wadhifa huu hauna posho wala kiti. Una daftari, sanduku la huduma ya kwanza lenye plasta tatu, na fimbo. Hiyo fimbo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mnaifahamu, kwa sababu ninyi ndio mnaotuletea. Ni ile ndefu ya kupimia dozi siku ya kumeza dawa za kichocho. Watoto wakishakunywa uji wanapanga foleni, mmoja mmoja anaegemea fimbo, na mimi nasoma kichwa kimeishia wapi. Kikiwa kati ya sentimita 125 na 138, vidonge viwili. Kikipita hapo mpaka 150, viwili na nusu. Natamka namba, mwenzangu anahesabu vidonge na kuandika, mtoto anameza mbele yetu na kukunja uso, maana dawa ile ni chungu kweli, kisha anafuata mwingine.

Mwanangu alipokuwa darasa la tatu nilimsimamisha pale kama wenzake. Viwili. Darasa la nne, viwili. La tano dawa hazikufika kwetu. La sita akasimama tena, nyuma ya rafiki yake waliyeanza naye chekechea, ambaye zamani alikuwa akimfikia begani. Rafiki akapata viwili na nusu. Mwanangu viwili. Nikatazama vizuri: kichwa kilikuwa palepale, vidole vitatu chini ya mstari. Fimbo nimeishika mimi, namba nimetamka mimi, na miaka yote hiyo sikuona. Hata kama ningetaka kulinganisha nisingeweza, kwa kuwa daftari linataka idadi ya vidonge tu. Sentimita za mtoto hazina mahali pa kuandikwa.

Sasa nieleze kilichokuwa kinamzuia kukua.

Ilianza kama tumbo la kawaida, na kwetu tumbo la kawaida si habari. Tunaoga ziwani, tunafua ziwani, kipindupindu tunakijua, kichocho tunakijua. Hata yule mzee Livingstone, ambaye Stanley alimkuta hapa Ujiji mwaka 1871, tumbo la kuhara damu ndilo lililomsindikiza kaburini mwaka 1873. Kwa hiyo simlaumu tabibu wa zahanati aliyepima choo mara ya kwanza akasema amiba. Alimwandikia Flagyl. Tumbo likatulia kama siku kumi, likarudi. Nikaenda duka la dawa muhimu, nikapewa Flagyl nyingine bila swali. Likarudi. Kituo cha afya wakapima Widal, wakasema taifodi, akala sipro. Likarudi na homa za jioni, wakasema UTI, akala amoksilini. Katikati hapo kuna dawa za minyoo na za kichocho, na kuna mama mkwe wangu aliyesema hilo ni chango na akachemsha mizizi yake. Na kwa kuwa hapa ni Kigoma, mkoa ambao nchi nzima inatutania kwa waganga, hawakukosekana walioninong'oneza kwamba mtoto ametupiwa kitu.

Vikaratasi vyote nimeviweka kwenye bahasha ya kaki. Siku moja nilivimwaga kitandani nikahesabu: dozi 11 za antibayotiki ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kwenye madaftari ya MTUHA, yale ya takwimu za wagonjwa, huko vituoni mwanangu ni wagonjwa wengi tofauti. Kuna mmoja wa amiba, kuna wa taifodi, kuna wa UTI. Mtoto mwenyewe, yule mmoja anayeumwa kitu kimoja, hayumo.

Hatimaye daktari mmoja kijana, aliyekuwa amepita tu kituoni kwa kazi nyingine, alimwangalia vidonda mdomoni, akambonyeza tumbo upande wa kulia chini, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, nguo za sare ulizomnunulia mwaka juzi bado zinamtosha?" Zilikuwa zinamtosha. Akaandika rufaa.

Ya safari sitayasema sana. Mnaijua reli ya kati, mnajua ni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar es Salaam, na mnajua maana ya kusafiri mwendo huo na mtoto anayehitaji choo kila baada ya dakika arobaini. Huko akapimwa kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, wakachukua kinyama, wakahakikisha kwanza kwamba si kifua kikuu cha utumbo, kwa sababu viwili hivyo hufanana sana na ukikosea unaweza kuua. Majibu yakatoka: ugonjwa wa Crohn.

Najua baadhi ya wasaidizi wenu wakifika hapa watasema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Jina ni la daktari wa New York aliyeueleza na wenzake mwaka 1932, hilo ni kweli. Utumbo ni wa mtoto wa Kigoma. Ukuta wa utumbo unavimba, unachubuka, unatoa damu, na ugonjwa unaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Una ndugu yake anayeshambulia utumbo mpana peke yake na kuujaza vidonda. Tafadhali msivichanganye na vidonda vya tumbo vya kina baba wanaoagiza maziwa badala ya chai. Kwa mtoto, dalili ya kwanza wakati mwingine si kuhara wala maumivu. Ni kutokua. Mwili unakula akiba yake kupigana na utumbo wake wenyewe, na urefu unasubiri.

Nilimuuliza daktari bingwa, mwanangu kala nini kibaya? Akanijibu kwa mfano ambao sisi wa magharibi tunauelewa vizuri. Alisema, unawakumbuka sungusungu? Walianza kwa kulinda ng'ombe dhidi ya wezi huko Unyamwezini na Usukumani, na mahali pengine wakaishia kuchapa mpaka mwenye boma. Kinga ya mwili wa mwanao ndivyo ilivyo. Utumboni mna bakteria wasiohesabika, matrilioni, na wengi wao ni wenyeji wema. Wanakula makapi ya chakula, zile nyuzinyuzi za maharage, mtama na mboga ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, nao wanatengeneza asidi inayolisha ukuta wa utumbo mpana. Kinga ya mtu mwenye afya inawajua na inawaacha. Ya mgonjwa wa Crohn inawaona wezi. Inapiga, nyumba inaungua, wale wema wanakimbia, na wanaobaki ni wale wanaopenda moto.

Hilo la kukimbia si hadithi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani Kaskazini walitoa matokeo ya kuwapima watoto zaidi ya 400 waliogundulika na ugonjwa huu kabla hawajaanza dawa yoyote yake. Bakteria wema walikuwa wamepungua, wakorofi wameongezeka, na kwa watoto waliokuwa wametumia antibayotiki hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilipoelezwa hayo nilikumbuka ile bahasha ya kaki. Miaka miwili kabla yake, kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni moja wa Uingereza zilikuwa zimefuatiliwa. Waliopewa kabla ya kutimiza mwaka mmoja antibayotiki za aina inayoua bakteria wasiotumia hewa, walionekana kupata magonjwa haya ya utumbo zaidi ya mara tano kuliko wasiopewa. Katika kundi hilo la dawa zimo amoksilini na metronidazo, yaani Flagyl yenyewe.

Lazima niwe mkweli, nisije nikawatia watu hofu. Kati ya watoto hao milioni moja na zaidi, waliougua walikuwa 748. Ni wachache. Pia kupewa dawa na kuugua kufuatana si lazima kimoja kiwe kimezaa kingine, maana huenda baadhi walipewa dawa kwa kuwa tumbo lilikuwa limeshaanza kuwasumbua. Vinasaba vina mkono wake, zaidi ya sehemu 200 zimeshahusishwa na magonjwa haya. Mtoto mwenye nimonia apewe amoksilini yake leo hii, asisubiri barua ya mwalimu. Ninachokataa ni Flagyl ya tisa.

Kuna jambo jingine lililoniuma, na sitaweza kulala nisipolisema. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni maarufu duniani kwa bakteria wao wa utumbo. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za choo cha Wahadzabe 27 wakilinganisha na Waitaliano wa mjini, wakakuta jamii ya bakteria wa Wahadzabe ina aina nyingi zaidi. Mwaka 2017 wengine wakaonyesha kwamba bakteria wao hubadilika na majira, kiangazi hivi, masika vile, kadiri wanavyokula nyama au asali na matunda. Sampuli zilikuwa 350. Ziligandishwa, zikasafirishwa, zikasomwa kwa mashine za bei mbaya. Sina ugomvi na elimu hiyo, nami nimefaidika nayo katika barua hii. Ila najiuliza: choo cha Mtanzania kimeweza kupanda ndege kwenda kusomwa ng'ambo, halafu choo cha mwanangu kilishindwa kupata kipimo kimoja cha kuonyesha kama utumbo umevimba.

Kipimo hicho kinaitwa kalprotektini. Ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapokusanyika utumboni, inapimwa kwenye kipande kidogo cha choo, hakihitaji kamera wala usingizi. Hakisemi ni ugonjwa gani. Kichocho au maambukizi ya kawaida navyo vinaweza kukipandisha. Kinachosema ni kwamba kuna moto au hakuna. Mtoto aliyeshatibiwa mara mbili, kichocho kimeshapimwa na kutibiwa, na bado kipimo kiko juu, huyo hahitaji dozi ya tatu. Anahitaji rufaa. Naomba kipimo hiki kiwepo hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, Kigoma, na wenzetu wa Tabora wapate chao. Ninavyojua choo kinaweza kusafirishwa kwenye chupa kutoka Kakonko au Buhigwe. Ni rahisi kuliko kumsafirisha mtoto.

Na kwenye zahanati na maduka ya dawa muhimu, toeni mwongozo wa mstari mmoja unaoweza kubandikwa ukutani: mtoto akirudi na kuhara damu mara ya tatu, usiuze, usiandike, mpime uzito na umpeleke mbele. Wauzaji wa maduka hayo si watu wabaya. Wengi ni majirani zetu, wanatukopesha. Lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna tumbo ambalo Flagyl hailitibu.

Sasa nirudi kwenye fimbo. Kadi ya kliniki inamfuata mtoto mpaka miaka mitano, na mama yeyote wa hapa anaweza kukuambia kama mwanawe yuko kwenye kijani au ameshuka. Baada ya hapo hakuna anayempima tena mpaka augue. Mwanangu aliugua akiwa na miaka tisa, katikati kabisa ya jangwa hilo. Nanyi mnaleta fimbo shuleni. Mtoto anasimama, kichwa kinaguswa, urefu unaonekana, halafu unatupwa. Ninachoomba ni safu moja zaidi kwenye daftari, ya sentimita, na nyingine ya kilo kama kuna mizani. Mwaka unaofuata mwalimu analinganisha. Asiyeongezeka kabisa anaandikiwa barua ya kwenda kituo cha afya. Si wote watakuwa na Crohn, wengi watakuwa na njaa, minyoo, selimundu au kifua kikuu, na hao nao nani aliwatafuta?

Kuhusu dawa nitasema yaliyonikuta. Mwanangu alianzishiwa prednisoloni. Ndani ya wiki tatu mashavu yakajaa, na majirani wakaanza kunipongeza: "Mwalimu, mtoto amenawiri!" Wengine wakataka kujua nampa nini. Nilishindwa hata kucheka. Ule haukuwa unono, ulikuwa ni dawa, na dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu nayo inazuia mtoto kurefuka. Nilichojifunza baadaye ni kwamba kwa watoto wenye Crohn kuna tiba inayopendekezwa ianze kabla ya hiyo: maziwa maalumu ya lishe kamili, hayo tu, bila chakula kingine, kwa wiki sita hadi nane. Utumbo unapumzika, bakteria wanabadilika, uvimbe unashuka, na mtoto anaongezeka badala ya kudumaa. Tulijaribu wiki mbili. Makopo yalimaliza mshahara wangu na wa baba yake. Siku ya kumi na nne alikaa jikoni ananusa dagaa wanaokaangwa kwa mawese, machozi yanamtoka, akaniambia, "Mama, hata kichwa kimoja tu." Tuliacha, si kwa sababu ya dagaa, ila kopo la mwisho lilikuwa limeisha.

Sasa anatumia azathioprini. Inamsaidia. Lakini lazima damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe zake, na kila inapokwisha ni kutafuta mtu anayesafiri. Zimewahi kuja na fundi simu, zimewahi kuja na mke wa mchungaji. Bohari ya Dawa ikiweza kuifikisha kwenye hospitali ya mkoa, pamoja na salfasalazini na mesalazini kwa wale wa utumbo mpana, basi hospitali kubwa inaweza kubaki na kazi ya kumwona mtoto mara moja au mbili kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wakati mnapanga kitita cha huduma, andikeni humo maziwa ya tiba. Yaandikwe kama dawa, yasiandikwe kama chakula, kwa sababu mkiyaita chakula bima itasema nunueni wenyewe.

La mwisho ni la kwetu walimu, na linaihusu TAMISEMI. Mwanangu alichapwa shuleni kwa kuomba ruhusa ya chooni mara ya tatu katika kipindi kimoja. Aliyemchapa ni mwenzangu, tunakula naye chai, na hakujua. Mwongozo unasema tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25. Huku tulipo foleni ya mapumziko mnaijua. Mtoto wa aina hii hawezi kusubiri foleni. Hata waraka wa nusu ukurasa ungetosha, unaoelekeza kwamba mwenye barua ya daktari atoke bila kuomba na asiulizwe mbele ya darasa. Waraka haugharimu tofali hata moja.

Nimemaliza. Kampeni ya dawa ikiisha fimbo huwa naihifadhi ofisini, nyuma ya kabati la vitabu, na daftari liko mezani kwangu. Safu ya sentimita nimeshaichora kwa rula na kalamu nyekundu. Wanafunzi wa darasa la tatu mwaka huu ni 94. Nikipata kibali chenu, hata kwa ujumbe wa simu kupitia kwa Afisa Elimu Kata, Jumatatu naanza kuwaita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa afya, na mama wa mgonjwa
Wilaya ya Kigoma

Nakala: Mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, kichocho kikiwemo, kwa ajili ya fimbo.